Mpagazi wa Unyamwezi Hakuwa Mtumwa

Lipo jambo moja ambalo padri, shehe, mwanasiasa, mwongoza watalii na mtengeneza video za mtandaoni wanakubaliana bila kuulizana: kwamba njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji, ilikuwa njia ya watumwa. Ukifika Tabora utaoneshwa miembe mikubwa na kuambiwa kwamba ilipandwa na watumwa, au kwamba iliota kutokana na kokwa walizotupa wakipita na minyororo shingoni. Mwaka 2006, nchi yetu ilipoiingiza njia hiyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayotarajiwa kuombewa hadhi ya urithi wa dunia, jina lililopelekwa lilitanguliza biashara ya watumwa, likafuatisha pembe za ndovu, likaishia hapo. Mpagazi hakutajwa.

Napinga. Sisemi utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, na nitausema waziwazi kuliko wanavyousema wengi wanaoshikilia hadithi hiyo. Ninachokataa ni ile desturi ya kumwona kila mtu mweusi aliyebeba mzigo katika njia ile kuwa ni mtumwa. Wengi wa waliobeba walikuwa watu wa ujira. Walipatana malipo kabla ya kuinua mzigo, na walijua kuutua pale mapatano yalipovunjwa. Kuwaita watumwa ni kuwadhulumu, na dhuluma hiyo inawafikia hata watumwa wa kweli.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaosimulia hadithi hii huiruka. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani na pembe zao mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu hawajajenga makazi yao Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Njia waliikanyaga wao kwanza. Waliondoka kiangazi, mavuno yakiwa yameingia ghalani, na walitaka kuwa nyumbani mvua zinapoanza ili walime. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na juu yake mtu alibeba mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wengine walibeba kwa mzega, wengine begani. Pembe kubwa alipewa mwenye nguvu kuliko wote, naye aliiona kuwa ni heshima. Mbele alikwenda kirangozi, mtu aliyejua visima vya Mgunda Mkali, lile pori la njaa na kiu kati ya Ugogo na Unyamwezi, na aliyejua pia ni mtemi gani wa Ugogo atakayedai hongo kubwa ya kupita na namna ya kumbembeleza. Wake zao wengi walifuatana nao. Malipo yalikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya, na posho ya njiani ilihesabiwa kando. Nguo hizo zilirudi Unyamwezi zikageuka majembe, ng'ombe na mahari. Kijana ambaye hakuwahi kuiona bahari alionekana bado mtoto.

Hayo si maisha ya mtu aliyenunuliwa. Orlando Patterson, mwanasosholojia mzaliwa wa Jamaika, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu utumwa duniani, anaeleza kwamba kiini cha utumwa ni kifo cha kijamii: mtumwa hukatwa na ukoo wake, hana wazazi wanaotambuliwa, hana watoto anaoweza kuwadai, na jina lake hutegemea bwana wake. Fimbo na mnyororo ni vyombo tu vya kufikia hali hiyo. Nimekisoma tena kitabu hicho nikiwa na Unyamwezi akilini, na kwa kipimo chake mpagazi anatoka nje ya utumwa moja kwa moja. Ana shamba linalomsubiri. Ana mke anayemfuata au anayemngoja. Ana ukoo utakaomdai mali atakayoleta. Hata njiani ana watani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na wa watu wengine wa njia ile, ulitiwa nguvu na misafara hiyo, na utani wetu una wajibu ndani yake: mtani akifa ugenini, mtani mwenzake ndiye anayesimamia maziko. Mtu mwenye wa kumzika kila kituo cha safari hajafa kijamii.

Ushahidi mwingine umo katika malalamiko ya waajiri wao. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Wapagazi wao wa Kinyamwezi walitua mizigo wakaenda makwao, kwa sababu mapatano yaliishia pale na mvua zilikuwa karibu. Wazungu wale wawili, pamoja na barua zao za kutambulishwa kutoka Unguja na mali yao yote, walikaa zaidi ya mwezi mmoja wakitafuta watu wengine. Speke aliporudi mwaka 1861 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa vitani na mtemi Mnywa Sere, waliyemwondoa madarakani, na wapagazi hawakupatikana kwa bei yoyote ya kawaida. Miezi ilipita. Soma safari za Wazungu wa wakati ule na utakuta wimbo mmoja: wapagazi wamegoma, wapagazi wamedai posho zaidi, wapagazi wametoroka usiku. Waandishi wale waliita tabia hiyo uvivu na uhaini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, aliyachukua malalamiko hayohayo akayasoma kama inavyopaswa: ni kumbukumbu za wafanyakazi wanaotetea masharti ya kazi yao. Kwa maoni yangu hakuna kitabu kuhusu Tabora kinachostahili tafsiri ya Kiswahili kuliko hicho.

Tena lipo tukio la mwaka 1873, ambalo kila mtu analijua na ni wachache wanaolifikiri. Mmisionari Livingstone alikuwa amekaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872, akingoja watu ambao mwandishi wa habari Stanley alimpelekea kutoka pwani. Walifika watu 57. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafa kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mwajiri amekufa. Hakuna wa kuwalipa, hakuna wa kuwashitaki. Wakafanya shauri, wakauzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili na kuubeba. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, naye akawashauri wauzike mwili Tabora, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Uingereza iliwaita watumishi waaminifu, na filamu na vitabu vya shule vimerudia neno hilo tangu wakati ule. Mimi naona watu waliokaa pamoja, wakapima hatari na heshima, wakaamua, na walipoambiwa na Mzungu wageuze uamuzi wao wakasema hapana. Kukataa huko kulitokea katika ardhi ya Tabora, na kunastahili kibao kikubwa kuliko kile cha nyumba aliyoishi Livingstone.

Nimeangalia tena filamu za njia hii. Ile ya mwaka 1939 kuhusu Stanley na Livingstone, aliyoigiza Spencer Tracy. Mountains of the Moon ya mwaka 1990, ambamo Mkenya Paul Onsongo anaigiza Sidi Mubarak Bombay. Forbidden Territory ya mwaka 1997. Ufundi wake unatofautiana, lakini kamera katika zote inajua mahali pa kukaa: usoni mwa Mzungu mgonjwa. Wapagazi ni mstari wa vichwa na mizigo unaopita nyuma. Bombay angalau ana jina, na anastahili. Alitekwa utotoni kusini mwa nchi yetu, akauzwa akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi, kisha akawaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron. Kitabu cha Candice Millard cha mwaka 2022, River of the Gods, kimejitahidi kumweka karibu na waajiri wake. Ni hatua. Lakini Bombay anapendwa na waandishi kwa sababu maisha yake yanaanza na utumwa na kuishia na medali. Mnyamwezi aliyelima, akasafiri, akarudi na ng'ombe, akasafiri tena, hana mwandishi.

Mwenye kuliona hili vizuri zaidi ni Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake ya mwaka 1994 sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, hajanunuliwa sokoni: amewekwa rehani na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni. Katika msafara anaofuatana nao wako wapagazi wa kukodiwa, yuko mnyapara mkali, na yuko yeye asiye na mshahara wala ruhusa ya kuondoka. Gurnah hachanganyi hali hizo. Katika msafara mmoja watu wanatembea pamoja wakiwa na viwango tofauti vya uhuru, na ndivyo njia ile ilivyokuwa.

Hapa mpinzani wangu atainuka na hoja ambazo si za kupuuzwa. Ataniambia nimsome Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Nimemsoma. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anasimulia jinsi wapagazi aliowaajiri nyuma ya pwani walivyomkimbia, naye akaingia vijijini mwao, akakamata watu kwa mamia, akawafunga, na kwa kitendo hicho akapewa jina la Kingugwa. Je, huo si utumwa? Ni unyama, na sitautetea. Lakini tazama ulivyoanza: watu walipewa kazi, wakaiacha, wakarudi kwao. Mnyororo uliletwa kwa sababu watu walikuwa huru kiasi cha kuondoka. Mpinzani ataongeza kwamba kati ya waungwana wa pwani waliobeba mizigo ya Stanley na wenzake walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao iliingia mifukoni mwa mabwana. Ni kweli pia. Na pembe zilizobebwa na mtu huru mara nyingi zilipatikana kwa bunduki zilizoteketeza vijiji vya Manyema, mashariki mwa Kongo. Nakubali yote hayo. Hakuna hata moja linalomgeuza mkulima wa Unyanyembe aliyekwenda pwani kwa hiari yake kuwa mali ya mtu.

Basi hadithi ya kwamba wote walikuwa watumwa ilitoka wapi? Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alizunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya utumwa wa Afrika. Mwaka 1889 na 1890 mataifa yakakutana Brussels kwa jina hilohilo. Mapadri wake walikuwa wamefika Tabora muongo mmoja kabla. Walinunua watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara na kuwalea, Kipalapala ikiwa mojawapo ya vituo vyao. Sina sababu ya kuidharau kazi ile. Adrien Atiman, aliyetekwa mtoto nchi ya Mali, akakombolewa na mapadri hao, akasomea udaktari Malta, alitibu watu Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Lakini kilio cha Lavigerie kilitumiwa na wenye mizinga. Wajerumani waliingia kwa jina la kukomesha utumwa. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa nao. Kisha nini? Wajerumani hawakuufuta utumwa. Amri yao ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905, wazazi wao wakabaki walipokuwa. Ulifutwa kisheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Na katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali hizohizo za Ulaya zilikamata wanaume kwa nguvu wabebe risasi na vyakula vya majeshi yao, wakafa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Upagazi wa kulazimishwa kwa kiasi kile haukuwahi kuonekana katika njia yetu wakati wa mtemi Mirambo wa Unyamwezi.

Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo aliyefariki mwaka 2025, alituonya katika The Invention of Africa kwamba maarifa tunayoyatumia kujieleza yametoka katika maktaba ya mkoloni, na kwamba hata tukiasi tunaasi kwa vitabu vya rafu zilezile. Malumbano ya dini zetu yanamthibitisha. Mkristo anasimulia njia ya watumwa ili Mwarabu, na nyuma yake Uislamu, vibaki na doa. Mwislamu anajibu kwamba wamisionari walitia chumvi, na kwamba Ulaya ndiyo iliyosafirisha mamilioni kuvuka Atlantiki. Nimesikiliza mihadhara ya pande zote mbili. Wanagombania mtumwa kama ushahidi mahakamani, na hakuna anayeuliza alikuwa nani. Wote wawili wameikubali rafu ya Lavigerie: wahusika ni mgeni mkatili na mgeni mkombozi, na mwenyeji ni wa kupigwa au wa kuokolewa.

Sasa nimfikie mtumwa wa kweli, kwa kuwa hadithi hii imemficha. Watumwa waliofika Unyanyembe kutoka Manyema na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hawakupelekwa wote pwani. Wengi walibaki palepale. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walilima mashamba yaliyolisha misafara, walitwanga, walichota maji, walizaa watoto wa mabwana zao. Na mabwana hao hawakuwa Waarabu peke yao. Walikuwa pia watemi, wafanyabiashara wa Kinyamwezi, na naam, wapagazi waliorudi na nguo wakanunua mtu wa kulima shamba wakati wao wako safarini. Uhuru wa babu kwenda pwani mara nyingine uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwanamke asiye huru shambani kwake. Naandika sentensi hiyo kwa uchungu, na naamini ndiyo inayotufanya tupende kusema kwamba sote tulikuwa watumwa. Kama sote tulifungwa, hakuna kati yetu aliyefunga.

Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993, amekusanya maisha ya wanawake wa aina hiyo katika nchi za ukanda wa Ziwa Tanganyika na Kongo. Mmoja ni Bwanikwa, Mluba, ambaye baba yake mwenyewe alimtoa kulipa deni, kisha akapita mikononi mwa mabwana wengi. Mmisionari aliyeandika maisha yake alihesabu mara kumi. Ukimsoma Bwanikwa hutaweza tena kumweka yeye na kirangozi mwenye bendera chini ya neno moja. Yeye alitolewa kwao. Kirangozi aliondoka kwao akarudi. Kumbukumbu inayowachanganya inampa Bwanikwa umati wa kumficha na inamnyang'anya kirangozi ujira wake.

Mpo mnaosema kwamba kutofautisha hivi kunapunguza machungu ya utumwa na kuwapa nafuu waliofanya biashara ile. Sioni hivyo. Kinachowapa nafuu ni hadithi yenye mhalifu mmoja mwenye kanzu na bakora, asiye na washirika wala wanunuzi katika vijiji vyetu. Mwambieni mwanafunzi wa Tabora kwamba Mirambo, ambaye husimuliwa kuwa naye alipata kuwa mpagazi, aliwapiga Waarabu mwaka 1871 na pia aliuza mateka. Ataelewa. Watoto wetu wana akili ya kubeba mambo mawili kwa pamoja.

Jambo hili lina uzito wake katika siasa ya leo. Tunafundishwa kwamba mapambano ya wafanyakazi Tanganyika yalianzia bandarini Dar es Salaam, na mgomo wa mwaka 1947 uliosambaa kwa watu wa reli hadi bara. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita karibu na nyayo za wapagazi na kuimaliza kazi yao. Waliokuwa wapagazi na watoto wao walikwenda kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli yenyewe, wakiwa na uzoefu wa vizazi vya kupatana ujira, kudai posho na kukataa kuinua mzigo. Ukiwafanya wazee hao kuwa watumwa, unawaambia vijana wanaobeba mizigo sokoni na stendi leo kwamba hawana kitu cha kurithi isipokuwa kuonewa, na kwamba kudai haki ya kazi ni jambo lililoletwa na meli.

Orodha ya UNESCO niliyoitaja ni ya awali, na jina lililomo linaweza kubadilishwa kabla ya maombi kamili kupelekwa. Naiomba Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale iliandike upya, litaje wapagazi. Naomba makumbusho ya Kwihara yaeleze shauri la mwaka 1873 na majina ya walioshiriki, Chuma, Susi na Jacob Wainwright wakiwamo, na yawe na chumba cha wanawake waliolima Unyanyembe bila kulipwa. Na nyinyi mnaoandika vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo sasa linafundishwa kwa Kiswahili, wapeni wanafunzi maandishi ya Tippu Tip, pamoja na safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande aliyoichapisha Carl Velten mwaka 1901. Yameandikwa kwa lugha yetu, na hayahitaji mkalimani.